Kelele za Baada ya Alasiri

Tabia aling'oka jino akila urojo, Jumatatu moja baada ya Alasiri, katika chumba cha juu cha nyumba ya Mkunazini. Kofi lilitoka upande wa dirishani, ambako hapakuwa na mtu, likampata shavu la kushoto, na jino likadondoka bakulini. Alilivua kwa kijiko, akalifuta, akaliweka juu ya karatasi asije akalisahau. Kisha akarudisha hedifoni masikioni.

"Hebu njooni msikie," alisema, damu inamchuruzika kidevuni. "Mnausikia ukucha wa mpiga udi?"

Riyama na Anwarali walisogea wakasikiliza. Ukucha ulisikika kweli. Kanda ilikuwa ya babu yake Tabia, imelala kabatini miaka chungu nzima mpaka imeota ukungu, na kabla ya siku ile ukiipiga husikii kitu ila mvumo. Sasa mvumo umeondoka wote, na babu anaimba kama mtu aliyekaa hapo kitako akingoja chai yake. Kofi la pili lilimwangukia Anwarali sikioni. Akasema "Ah," akahamia kiti kingine.

Watatu hao walikuwa wakiitunza Chujio, programu ya bure ya kusafishia sauti. Msimbo wake uko wazi: anayetaka kuusoma anausoma, anayetaka kuurekebisha anaurekebisha, hakuna anayelipa na hakuna anayelipwa. Watu wa Mombasa, wa Ngazija, wa Maskati, waliitumia kusafishia kanda za wazee wao, maulidi na harusi na sauti za waliokwisha kufa. Riyama ndiye aliyeianzisha, na neno la mwisho lilikuwa lake. Tabia, aliyewahi kuwa fundi mitambo wa redio, alikuwa ndiye sikio lao. Anwarali alikuwa mhasibu wa hoteli huko Shangani, na jioni zake alikuwa mlinzi wa leseni, yaani anahakikisha hawachukui cha mtu bila ya ruhusa yake.

Toleo jipya lilikuwa litoke mwisho wa mwezi. Kilichobaki ni kuamua habari ya Kimya. Kimya kilikuwa kipande cha msimbo kisicho chao. Kimeandikwa na Khatib, kijana wa Michenzani, na kilikuwa kinaondoa kelele kuliko kitu chochote walichopata kukijaribu. Swali lilikuwa wakifungashe ndani ya Chujio, kiende na programu kila inakokwenda, ama wakiache nje, mwenye kukitaka akakitafute mwenyewe.

"Mkishakifungasha, kishakuwa chenu," alisema Anwarali, ameshika sikio. "Kikiharibika watu hawatamwendea Khatib. Watatujia sisi."

"Kiharibike nini zaidi?" alisema Tabia. "Kinapiga watu, basi. Mengine yote kinafanya."

Wakaandika kwenye ukurasa wao wa hitilafu: Kimya humpiga mtumiaji. Uzito: wa kati.

Wiki ile walikijaribu kila siku isipokuwa Ijumaa. Riyama alipasuka nyusi. Anwarali alipigwa teke la tumbo akaitapikia kompyuta ya hoteli. Tabia alivutwa nywele chini ya mtandio, akaburutwa mpaka mlangoni, na shungi zima la nywele likabaki limenasa kwenye komeo, na hapakuwa na mkono. Walifuta damu kwa leso wakaendelea. Baadaye waligundua kwamba asubuhi hakipigi. Kilianza baada ya Alasiri, kikaacha karibu na Magharibi.

"Basi tuwaambie watu wasafishe asubuhi," alisema Tabia.

"Asubuhi ya wapi? Kuna mtu wetu yuko Toronto, asubuhi yake ndiyo Alasiri yetu."

Wakaliandika nalo kwenye ukurasa wa hitilafu.

Riyama ndiye aliyefikiria kusikiliza mfano wa kelele. Programu za namna hii hazijui zenyewe kelele ni ipi. Lazima kwanza uzisikilizishe kelele peke yake, uziambie, hii siitaki, popote mtakapoikuta iondoeni. Kimya kilikuja na mfano wake, aliourekodi Khatib, na hakuna aliyewahi kuufungua. Riyama aliufungua asubuhi, kwa usalama.

Alisikia mlango ukifungwa kwa komeo. Alisikia viatu vikivuliwa, maji yakimwagika, kigoda kikiburutwa sakafuni. Halafu akasikia kitu kizito kikitua juu ya nyama ya mtu, tena na tena, bila ya haraka, na sauti ya mwanamke ikisema, "Basi, Machano, basi, nshakoma." Na kwa mbali, upande wa pili wa ukuta, redio ikipiga taarabu. Kila kipigo kikizidi, redio inapandishwa.

Riyama aliijua ile redio. Ilikuwa ya mama yake. Walihamia Fumba mwaka jana tu, lakini yeye alizaliwa na kukua Michenzani, kwenye yale majumba marefu, na miaka yote ile ikifika saa hiyo mama yake alikuwa akiuweka chini ungo wa mchele, anapangusa mikono kwa kanga, anakwenda kuongeza sauti. Riyama alikuwa akidhani mama anapenda taarabu.

Alimwendea Khatib siku ile ile. Alimkuta sebuleni kwake, chini kidogo ya ile nyumba waliyokuwa wakikaa, bega limefungwa bendeji na uso umechangamka.

"Karibu dada. Mmekionaje? Kizuri, eh?"

"Kizuri. Ile kelele uliipata wapi?"

"Si hapo juu." Alionesha dari kwa kidevu. "Nilikuwa nnataka kumrekodi mama akisoma Yasini. Haiwezekani! Kila nikitega, Machano kaanza na mkewe. Nikasema haya, si ndiyo kelele nyinyi, basi mtanisomeshea mashine yangu. Na kelele safi, dada. Inakuja kwa wakati wake, haijachanganyika na kitu."

"Hukwenda kugonga mlango?"

Khatib alimtazama. Hakumtazama kwa ubaya.

"Nyinyi mlikuwa ubavuni mwao," alisema. "Mliwahi kugonga?"

Riyama akaomba maji, akanywa, akapanda ngazi.

Salhiya, mke wa Machano, alimfungulia kwa furaha. Huyu ndiye aliyekuwa akimsuka Riyama kila sikukuu alipokuwa mdogo, akimkalisha katikati ya magoti na kumpa kashata asilie.

"Shikamoo Bi Salhiya."

"Marahaba mwanangu. Yallah, umekuwa jimama wewe! Ingia, kaa hapo, nnakuna nazi."

Alikuwa amenenepa. Uso ulikuwa laini, mikono haina alama, na alikuwa amevaa kanga mpya. Wakazungumza habari za Fumba, maji yanatoka au hayatoki. Alasiri ilipopita Machano akaingia. Alikuwa mtu mpole, mwenye duka la vipuri vya pikipiki Darajani, na wateja wake walimpenda. Alifunga komeo, akavua viatu, akamuuliza Riyama habari za mama yake, akaenda kunawa. Kisha akakivuta kigoda, akakinyanyua, akampiga nacho Salhiya kwenye kiwiko.

Mfupa ulilia. Riyama aliusikia ukilia, mle mle chumbani. Salhiya akaendelea kukuna nazi kwa mkono ule ule. Machano alimpiga tena, mgongoni, kichwani, shingoni, jasho linamtoka, na Salhiya akainamisha kichwa kidogo ili nazi isimwagike.

Riyama alisimama. "Mjomba Machano, mwache!"

"Mwanangu," alisema Machano, anahema, "haya mambo ya ndani ya nyumba. Kaa ule kitu."

Na Riyama akakaa. Alikaa, jamani! Mtu mzima, amesoma, ana miguu yake na mlango anauona, akakaa kwenye mkeka akapokea sahani ya vitumbua kwa mikono miwili. Aibu ilimjaa mpaka kooni, akaimeza pamoja na kitumbua. Simu yake ikalia. Alikuwa Anwarali: Tabia alikuwa akisafisha ile kanda ya babu, kavunjika kiwiko, wako njiani kwenda hospitali.

Machano alipokwenda kusali Magharibi, Salhiya alifunga mlango akampa Riyama mgongo, akateremsha kanga. Mgongo ulikuwa mweusi toka mabegani mpaka kiunoni, na mahali pawili nyama ilikuwa imefunguka.

"Hii ya Ijumaa," alisema. "Ijumaa hamkufanya kazi. Yote yalirudi kwangu." Hakusema kwa kulaumu, alisema kama anavyosema mtu habari ya mvua. "Khatib kaniambia mnataka kuifungasha ile kitu. Watu wangapi wanatumia programu yenu?"

"Kama elfu arobaini."

"Basi fungasheni, mwanangu. Konde moja likigawanywa kwa elfu arobaini, hata mbu halimuui."

"Bi Salhiya, si uondoke tu hapa?"

"Nshakwenda kwa sheha wa mtaa. Nshakwenda kwa kaka zangu, wakanirudisha na doti mbili za kanga, wakala na pilau." Alipandisha kanga yake mabegani. "Fungasheni."

Kikao cha kuamua kilifanyika Mkunazini, Tabia na plasta ya mkono wake, Anwarali na miwani yake iliyofungwa kwa gundi. Riyama alieleza yote aliyoyaona. Walimsikiliza mpaka mwisho na hakuna aliyesema anaongopa. Tabia alilia kidogo. Anwarali alisema kwamba suala la kwanza ni ruhusa.

"Msimbo ni wa Khatib, sawa. Lakini mfano wa kelele umo ndani, na kelele ni mali ya mwenye kuifanya. Lazima tupate idhini ya Machano."

"Na Salhiya? Sauti yake imo."

Anwarali alifikiri kwa dhati, maana hakuwa mtu mbaya. "Yeye hakuifanya," alisema mwishowe. "Kafanyiwa."

Wakaenda Darajani. Machano aliwaagizia maji ya miwa, akasikiliza, akafurahi. Hakujua kuwa nyumbani kwake kuna kitu chenye manufaa. Alitoa idhini mbele ya simu ya Anwarali, kwa sauti ya wazi, akaomba jina lake liandikwe kamili, la babu yake na la babu wa babu yake.

Likabaki lenyewe la kufungasha. Riyama alisema kifungashwe, kiwe kinafanya kazi kwa kila mtu, kuanzia siku ya kwanza. Alipiga meza. Alisema kuna mtu atakufa.

"Na watoto?" aliuliza Anwarali. "Kuna chuo cha Kurani kule Ngazija, watoto wanasafishia kaswida zao humu. Tumpige mtoto wa mtu Ngazija kwa ugomvi wa Michenzani?"

"Kwa elfu arobaini halitafika hata konzi."

"Una hakika? Umeshalipima?"

Hakuwa amelipima. Tabia aliutazama mkono wake. Alisema sauti ni nzuri, hajapata kusikia sauti kama ile, lakini yeye usiku halali. Wakavutana mpaka ndimi zikawachoka. Walizungumza ukubwa wa faili, walizungumza nani atakirekebisha Khatib akiacha, walizungumza Toronto. Habari ya mkono wa Machano haikuwamo kwenye ajenda, na hakuna aliyeiingiza. Mwisho Anwarali akaleta la katikati: wakifungashe, lakini kiwe kimezimwa. Anayetaka atakiwasha mwenyewe, kwa hiari yake, keshaonywa.

Wakamtazama Riyama. Neno la mwisho lilikuwa lake. Alijua kwamba kitu kilichozimwa hakuna anayekiwasha. Yeye mwenyewe kwenye simu yake ana vitu chungu mbovu ambavyo hajawahi kuvigusa. Alijua. Lakini lilikuwa jambo lenye sura ya haki, na wote walikuwa wamechoka.

"Haya," alisema.

Toleo likatoka likasifiwa. Katika watu elfu arobaini hakukiwasha mtu.

Alikiwasha Riyama. Alijiambia kuwa ataubeba mzigo huo yeye, peke yake, mpaka litakapopatikana jingine. Kila siku baada ya Alasiri, kule Fumba, mama yake akishatoka kwenda barazani kwa jirani, alifunga mlango wa chumba chake, akatandika godoro chini, akaweka kanda yoyote, akakiwasha Kimya, akauma ncha ya mtandio. Vilikuja vigoda, vilikuja viganja, ulikuja mshipi wenye kichwa cha chuma. Siku nyingine Machano alikuwa amechoka, yakaishia makofi. Siku nyingine biashara ilikuwa mbaya, Riyama akakojoa damu. Salhiya alimpigia simu akamwambia amelala vizuri, mgongo unapona, Mungu amlipe. Riyama alifurahi, wallahi alifurahi, na mbavu mbili zimevunjika.

Kisha ikaja posa. Mwalimu mmoja wa Bububu, kijana wa watu, amemwona kwenye harusi, kaulizia. Wanawake wa kwao walikuwa waje Jumapili kumtazama. Mama yake alimshika kidevu akamgeuza uso kwenye mwanga wa dirisha.

"Utawatokea na jicho hili?"

"Nilijigonga, mama."

"Kila siku? Watasema binti huyu ana mkono wa mtu juu yake. Hebu usijigonge mpaka Jumapili ipite."

Akampaka liwa, akamwekea barafu. Riyama alijitazama kiooni. Aliufikiria ule mgongo mweusi, na aliwafikiria wale wanawake wa Bububu na macho yao. Siku chache tu, alisema. Na Salhiya ana nguvu sasa, kanenepa. Alhamisi hakukiwasha. Ijumaa hakukiwasha. Uso ukaanza kurudi.

Salhiya alikufa Jumamosi, kabla ya Magharibi. Ilisemwa ameteleza bafuni. Waliomkosha walitoka chumbani wamenyamaza, na mmoja wao akaenda kutapika kwenye mfereji, maana kichwa walikuta wamekishika pande mbili. Machano alilia mpaka akashikwa. Alilia kwa kweli, na watu walimwonea huruma. Kaka za marehemu walimkumbatia.

Wanawake wa Bububu walikuja siku ya pili yake kama ilivyopangwa. Walisema binti ana uso mzuri.

Toka siku ile Kimya hakikumpiga mtu. Riyama alikaa chini kila Alasiri amekiwasha, akingoja, na hakuna kilichokuja. Aliwaambia wenzake kwamba Salhiya amekufa. Tabia alifunga mdomo kwa kiganja cha mkono ulio mzima. Anwarali aliweka mkono kifuani, akasema inna lillahi. Kisha, kwa kuwa ndiyo kazi yake, alikijaribu asubuhi, akakijaribu mchana, akakijaribu baada ya Alasiri, akaandika kwenye ile hitilafu: Haijitokezi tena. Imefungwa.

Katika toleo lililofuata walikiwasha kwa wote. Hapakuwa tena na sababu ya kukizima. Barua za shukrani zilimiminika. Mzee mmoja wa Maskati aliandika kwamba amemsikia mama yake akicheka, na alikuwa hajamsikia toka utotoni. Chuo cha Ngazija kilituma kaswida. Jina la Machano lilikuwa pale chini ya waliochangia, limeandikwa kamili, la babu yake na la babu wa babu yake.

Machano aliposa tena baada ya Idi. Alipata binti wa Makunduchi, Shemsa, mpole, anajua kupika. Riyama na mama yake walialikwa, wakaenda, maana ujirani ni ujirani. Biriani lilikuwa zuri. Bibi harusi alikuwa amepakwa hina mpaka viwikoni, na alipokuja kuwaamkia wageni alimbusu Riyama mkono, akamwambia shikamoo.

"Marahaba," alisema Riyama. Akatafuta neno jingine la kumwambia, akalikosa, akamsifia hina.

Konde lilimpata siku ya nne ya ndoa ile, baada ya Alasiri, akisafisha kanda ya harusi ya mtu. Lilitua sikioni. Halikuwa kali sana, lilikuwa limegawanywa. Alipofungua ukurasa wa hitilafu alikuta watu wameshaanza kuandika. Mmoja wa Mombasa jino limelegea. Mmoja wa Toronto, kwao asubuhi, kavuja damu ya pua. Chuo cha Ngazija kiliuliza kwa adabu kama kuna jambo wamekosea, maana watoto wote wamelia kwa pamoja.

Riyama aliifungua tena ile hitilafu ya zamani, akaandika neno moja: Imerudi.

Anwarali alijibu haikupita hata robo saa. Ilikuwa ndiyo ile ile, alisema, na dawa yake wanaijua. Wakizime katika toleo lijalo, anayetaka atakiwasha mwenyewe. Tabia akaunga mkono.

Riyama alikaa na vidole juu ya kibodi. Konde jingine likaja, na hili lilisikika, likamgonga kichwa ukutani. Chumba cha pili mama yake, ambaye siku hizi magoti yanamuuma hatoki tena kwenda barazani, aliuweka chini ungo wa mchele, akapangusa mikono kwa kanga, akaenda akaongeza sauti ya redio.